Ufunguo wa Pili

Mbeyu alikuja kwangu Jumatano asubuhi nikiwa jikoni nakuna nazi, akaniambia Mwalimu Karisa amefariki na mazishi ni Ijumaa, kwao Ganda. Mbeyu nilimfundisha akiwa kidato cha tatu, msichana mwembamba asiyemaliza sentensi. Sasa ni muuguzi anayekaribia kustaafu, na akiketi kwenye kiti changu cha kamba, kiti hulalamika. Nilitamka yale tuyatamkayo Waislamu tukipata habari ya msiba, kisha nikaendelea kukuna. Hakuondoka. "Mwalimu, utakwenda?" Nikamwambia sijui. Kwa miaka thelathini na kitu nilikuwa nimemkwepa Karisa. Nikimwona sokoni Malindi nilivuka barabara, na alipofiwa na mamake sikupeleka hata salamu, maana niliamini kwamba ndiye aliyeniuza. Mbeyu alilijua hilo. Akasema, "Basi kabla hujaamua, inuka kwenye hiyo mbuzi ya kukunia, mwalimu. Nina neno." Neno lake nitalisema mahali pake. Kwanza niueleze ule mwaka kama nilivyouishi mimi, kwa macho yangu ya wakati ule, ambayo nilidhani yanaona sana.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo kikuu na shahada ya sosholojia, na shule iliyonipokea ilikuwa ya harambee, ya michango ya wazazi, njia ya kwenda Ganda, madarasa manne ya matofali na la tano la makuti. Kwetu Mambrui palikuwa mbali kwenda na kurudi kila siku, kwa hiyo nilipanga chumba Muyeye kwa Bi Tima, mjane aliyeuza mahamri. Dirisha langu lilitazamana na jiko lake, hatua mbili tu, na kila aliyekuja kununua alikuja na habari. Nilikula kifungua kinywa nikiwa nimeketi kitandani, mahamri mawili na mbaazi za nazi, nikisikiliza. Mwaka ule watu walizungumza wakigeuza shingo. Walianza jambo, wakaona kivuli mlangoni, wakalimalizia kwa bei ya samaki. Redio ikianza taarifa ya habari Bi Tima aliipunguza sauti, si kwa kuwa mlikuwa na la hatari ndani yake, bali ili jirani asiseme kwamba nyumba ile inasikiliza kwa makini mno. "Kuta za udongo hizi, mwanangu," aliniambia siku niliyohamia, "zina matundu mengi kuliko unayoyaona." Nilicheka. Kufika mwezi wa pili nilikuwa nimeuziba ufa wa ukuta wangu kwa karatasi.

Chumba cha walimu nacho kilikuwa na ukuta wake wa kusikilizia. Ofisi ya mwalimu mkuu ilitengwa nasi kwa ubao mwembamba usiofika juu, na sote tulijua kuvinyamazisha vikombe mgeni akiingia kule. Kwenye kona palisimama kabati la chuma la idara yetu. Lilikuwa na funguo mbili: mmoja nilikuwa nao mimi, na wa pili Mwalimu Karisa, mkuu wa idara. Karisa alifundisha historia. Alikuwa mtu wa Ganda, amenizidi kama miaka kumi, mpole, shati limepigwa pasi kila siku ya Mungu. Saa ya chai alifungua kitambaa chenye muhogo wa kuchemsha aliopikiwa na mkewe, akaukata vipande viwili, akaniwekea kimoja kwenye kifuniko cha chupa ya chai bila kuniuliza kama nina njaa. Nilimpenda kama kaka. Lakini hata ndani ya mapenzi hayo nilikuwa na kijidonda: Karisa aliuliza sana na kujibu kidogo. Alitaka kujua nimepanga kwa nani, nasoma nini, nani hunitembelea; nikimuuliza yeye, alitabasamu akamenya muhogo. Leo najua wapo watu wanaouliza ili wajue wakulinde na nini. Wakati ule sikuwajua.

Somo lenyewe lilikuwa jipya shuleni. Kwenye ratiba liliitwa elimu ya jamii. Mimi kwa kujitapa niliwaambia wanafunzi kwamba ni sosholojia. Walikuwa thelathini na wanne, nao walijua kuimba. Nikiuliza familia ni nini, darasa zima liliitikia kwa Kiingereza maneno ya kitabuni, baba, mama na watoto, ilhali nilijua nusu yao wanalala kwa shangazi na kula kwa bibi. Nikaona haya ni mafunzo ya kasuku. Muhula wa pili nikawapa maswali sita ya kwenda kuuliza nyumbani, nikawaruhusu waandike kwa Kiswahili, jambo lililokatazwa. Chungu kimoja kinalisha watu wangapi? Nani huamua mtoto asome au asisome? Shamba mlilipataje? Minazi na mikorosho alipanda nani? Mkiwa na shida mnamkimbilia nani? Na la sita: watu wa kwenu wanamwogopa nani, na wamefanya nini? Nilimwonyesha Karisa kabla ya kuyaandika ubaoni. Akayasoma mpaka chini, akaikunja karatasi.

"Bi Rukia, hilo la sita lifute."

"Kwa nini?"

"Matano yanatosha kumfundisha mtoto."

"Mwalimu Karisa, utaijuaje jamii usipojua inaogopa nini? Hilo ndilo swali lenyewe."

"Ndiyo maana nakwambia ulifute."

Sikulifuta. Nililiandika kwa herufi kubwa kuliko mengine. Na tangu siku ile nikaanza kujiuliza Karisa ana nini cha kuficha hata swali la mtoto wa shule limtishe.

Madaftari yaliporudi niliyabeba kwa kikapu hadi Muyeye, nikayasoma Jumamosi na Jumapili chai ikipoa. Sijapata kusoma kitabu kilichonishika vile. Kulikuwa na chungu kilicholisha watu kumi na wanne. Kulikuwa na mzee aliyepanda mikorosho themanini kwenye ardhi isiyo yake; miti ni yake, mchanga ulio chini ya miti una mwenyewe, na hati ziko mjini, kwenye sanduku la mtu ambaye watoto hawajapata kumwona. Na kwenye swali la sita, daftari baada ya daftari, alitajwa chifu, na watu waliokuja na minyororo ya kupimia wakachimbia mawe ya mpaka katikati ya mihogo. Mbeyu aliandika kurasa tatu. Bibi yake aliyemlea, ambaye yeye kwa Kigiriama alimwita hawe, alikuwa ameng'oa mawe manne kwa jembe, yeye na wenzake, wakayatumbukiza kwenye kisima kikavu. Nilisisimka. Hii ndiyo jamii, nikajiambia, hii hapa inapumua. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni: "Vizuri sana! Wenzake ni akina nani? Wataje, na ueleze zaidi." Niliwarudishia wanafunzi madaftari wayaone masahihisho, nikayakusanya tena baada ya wiki, nikayafungia kabatini.

Siku chache baadaye akaja mgeni. Alivaa suti ya kijivu ya mikono mifupi, na viatu vyake havikuwa na vumbi ingawa njia yetu ilikuwa vumbi tupu. Aliingia kwa mwalimu mkuu, nasi tukavinyamazisha vikombe. Karisa akaitwa. Nilisikia vipande tu: "yule binti wa Mambrui", kisha "maswali", kisha "nani kamtuma", halafu sauti ya Karisa, imetulia kama yuko darasani: "Huyo niachieni mimi. Nitazungumza naye." Alipotoka aliketi mahali pake, akaukata muhogo, akaniwekea kipande changu. Hakuniambia lolote. Nilikitazama kile kipande mpaka kengele ikalia, nami sikukila.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumatatu nilifungua kabati kutafuta chaki, nikakuta rafu yangu tupu. Madaftari yote thelathini na manne yalikuwa yamekwenda, na kufuli halina hata mkwaruzo. Nikamfuata Karisa nje, penye pipa la maji, alipokuwa akinawa mikono.

"Madaftari yangu yako wapi?"

Hakuuliza madaftari gani. Hilo ndilo nililolishika miaka yote.

"Sijui," akasema.

"Funguo ni mbili, mwalimu."

"Najua ni mbili." Akajifuta mikono kwenye suruali, yeye mtu wa leso. "Bi Rukia, shukuru yamekwenda. Usiulize tena. Tafadhali."

Nilirudi Muyeye nikiwa na hasira. Bi Tima alinisikiliza huku akikanda unga, akasema mteja wake mmoja alimwona mwalimu wa shati la pasi akitoka kwa chifu Jumamosi. "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Anayekugawia chakula chake ndiye ajuaye kinywa chako hufunguka lini." Maneno yale yalinikaa. Tangu kesho yake nilihamisha kiti changu hadi ncha nyingine ya meza, na kila alilolifanya Karisa likawa ushahidi. Akichelewa, alikuwa kwa chifu. Akiwahi, amewahi ili apekue meza. Akinyamaza anaficha, akisema ananichimba. Nimewafundisha watoto miaka mingi baadaye kwamba mwanadamu huona kile alichokwisha kukiamini, na kila nilipofundisha hivyo nilitoa mifano ya watu wengine.

Kisha zamu yangu ikafika. Mgeni wa suti ya kijivu alirudi, mwalimu mkuu akatuachia ofisi yake. Aliniuliza kwa upole, kwa Kiswahili cha bara, nani aliyenipa yale maswali, vitabu gani nasoma, na madaftari yako wapi. Nikamwambia yameibwa. Akacheka kidogo. "Yameibwa na nani, mwalimu? Kabati si lako?" Niliogopa, lakini chini ya woga ilikuwako hasira, na hasira ndiyo iliyojibu. Nikasema, "Muulizeni Mwalimu Karisa. Ufunguo wa pili anao yeye." Nilidhani wao na yeye ni kitu kimoja. Nilidhani namwonyesha mwizi kwamba namjua mwizi mwenzake. Mgeni akaandika jina, akanishukuru.

Walimchukua mchana ule ule kutoka kidato cha pili, vidole vyake vyeupe kwa chaki. Nilisimama mlangoni nikaona. Nilishtuka, sitasema sikushtuka, ila nikajiambia ni mchezo, wanamchukua mbele ya watu ili tusimshuku. Siku ya nne alirudishwa kwao kwa Landrova ya chifu, na Jumatatu akaja shule shati limepigwa pasi, akitembea polepole kama mtu aliyevaa viatu vipya. Nikasema mbele ya walimu wote, kwa sauti iliyovuka ule ubao, "Watu wa namna ile hawamrudishi mtu kwa gari bure." Karisa aliinamia kitambaa chake cha muhogo. Kesho yake walimu wawili walihamia upande wangu wa meza. Mwezi haukwisha neno langu likawa limefika Ganda: wanawake walinyamaza akipita, na penye pombe ya mnazi wanaume walimpa kiti, kisha wakaondoka mmoja mmoja. Walimwita Sikio. Ukuu wa idara alinyang'anywa. Mimi mwisho wa mwaka nilihamishiwa shule ya upande wa Kikambala, nikaondoka bila kumuaga, nikijiona nimeponea chupuchupu.

Hayo ndiyo niliyoyaishi. Sasa neno la Mbeyu, lililonikuta jikoni na mikono yenye machicha.

"Madaftari niliyachukua mimi," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea, akitazama sakafu kama zamani. "Uliporudisha madaftari, hawe alinitaka nimsomee yote, maana hakujua kusoma. Nikamsomea hata ya wino mwekundu. Wenzake ni akina nani, wataje. Akaniuliza, huyo mwalimu wako ni mtu wa wapi? Nikamwambia wa Mambrui. Akauliza, na hati za shamba hili ziko wapi? Nikamwambia mjini, kwa watu wa kwenu, mwalimu. Akasema, yakikusanywa tena, nenda ukayalete yote. Ijumaa Mwalimu Karisa alinituma chaki, akanipa ufunguo wake. Nikayatia kwenye kikapu. Nilipogeuka, yuko mlangoni."

"Akakuona?"

"Akaniuliza kwa nini, nikamwambia. Akasema, nenda nayo, na usimwambie mtu kwamba nimekuona, hata hawe usimwambie. Na Mwalimu Rukia hasa asijue. Akasema, yule hajui kusema uongo. Akiulizwa atasema kweli, basi kweli yake na iwe kwamba hajui." Mbeyu alijifuta macho kwa kiganja. "Hawe aliyatia motoni kesho yake, akakaangia korosho."

Niliuliza habari ya chifu. Akanieleza kwamba Karisa aliitwa Jumamosi ile, akamwambia chifu mimi ni mtoto tu nimetoka chuoni, sikutumwa na mtu. Niliuliza habari ya zile siku alizozuiliwa. Akasema Karisa aliwaambia madaftari yaliliwa na mchwa, akayachoma mwenyewe, ni uzembe wake, na hakuongeza neno. Landrova ilimrudisha kwa sababu hakuweza kukanyaga. Mkewe alimkanda nyayo kwa maji ya chumvi, naye akaenda shule kabla hazijapona ili asiulizwe yuko wapi. Nikakumbuka ule mwendo wa viatu vipya.

"Kwa nini hukuniambia, Mbeyu? Miaka yote hii?"

"Nilikuwa mtoto, niliogopa. Nilipokuwa mtu mzima nilimwomba ruhusa mara mbili, akakataa. Alisema ukijua, hutaweza tena kusimama mbele ya darasa."

Sikulia pale. Niliosha mikono, nikaikausha, nikaiosha tena. Nilikuwa nimewauliza watu wanamwogopa nani, nisifikiri hata mara moja kwamba jibu laweza kuwa yule anayeuliza. Bibi wa watu alisikia maswali yangu akayajua ni ya nani: nani alikuwa nawe, wataje. Ni yale yale aliyoulizwa Karisa, bila shaka, kwenye chumba alichofungiwa. Tofauti ni kwamba mimi niliandika "Vizuri sana". Na Karisa hakumtaja yeyote, si Mbeyu, si bibi yake. Aliyetaja mtu mwaka ule ni mimi.

Ijumaa tulikwenda pamoja. Kwa Karisa walikuwa wamejenga kibanda cha makuti uani, wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, wanaume kwenye mabao. Watu hawakuwa wengi kwa mtu aliyefundisha miaka arobaini karibu na kwao. Nilikaa nikasikiliza, kazi ambayo nimeizoea maishani. Nyuma yangu mwanamume mmoja alisema, "Alikuwa mtu mzuri, mwalimu. Ila." Mwenzake akauliza, "Ila nini?" "Si unajua. Yale mambo yake na serikali." Akasema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja kwamba marehemu alikuwa mrefu. Ndipo nilipofahamu kwamba lile neno nililolisema saa ya chai halikufa. Lilikuwa limekaa Ganda muda wote ule likila na watu, likiwabandika watoto wa Karisa majina.

Mjane wa Karisa, Mama Baya, alinijia. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, macho makavu. "Wewe ndiwe Rukia."

"Ndimi. Pole, dada."

Alinitazama toka ushungi mpaka viatu. Niliyangoja matusi, na ningeyapokea. Akasema tu, "Sima iko kule," akaenda zake.

Sikwenda kula. Nilimwendea Baya, mwanawe mkubwa, aliyekuwa akiita wasemaji mmoja mmoja, mtu wa miaka zaidi ya arobaini anayesimama kama babake, mikono nyuma. Nikamwambia nilifundisha na marehemu, naomba kusema. Hakunijua. Akaniita. Mbeyu alisimama nami, ameushika upindo wa buibui langu kama mtoto. Nikasema jina langu. Nikasema kwamba Mwalimu Karisa hakuwa sikio la mtu yeyote. Kwamba aliyesema hivyo ni mimi, kwa kumshuku, na nilikosea. Kwamba niliwapa waliomtesa jina lake, naye hakuwapa jina la mtu hata mmoja wa hapa, ingawa aliwajua. Mbeyu akasema yake kuhusu madaftari na bibi yake. Tulipomaliza, mama mmoja aliyekuwa akimnyonyesha mtoto akasema taratibu, "Mulungu wangu."

Baya alikuja mpaka mbele yangu. Nikajua atanifukuza.

"Mwalimu," akasema, "sema tena."

"Mwanangu, nimesema yote."

"Sema tena. Wale wazee kule mwisho hawakusikia." Akaenda mwenyewe hadi nyuma ya kibanda, akawashika wazee wanne mikono mmoja baada ya mwingine, akawaleta mbele, akawapanga kwenye bao lililo karibu nami. Mmoja aliegemeza kiganja kwenye sikio. Baya akasimama nyuma yao, mikono nyuma, akaniashiria kwa kichwa.

Nikaanza upya, kwa sauti ya darasani.